Mercedes-Benz 300 SL (1954) na Toyota 2000GT (1967): injini mbili za sedani zilizozaa magari mawili adimu ya michezo

Mwanzisha uzi

Wakuu, salamu kwenu.

Mabishano yetu ya magari ya zamani ya michezo huishia kwenye bei karibu kila mara. Mmoja anatupia picha, mwingine anataja dola milioni kadhaa, uzi umekufa. Leo naomba bei tuiweke pembeni kwanza, tutaifikia baadaye. Nataka tuzungumzie vyuma vyenyewe.

Nimechukua Mercedes-Benz 300 SL, ile ya milango inayofunguka kwenda juu, iliyotengenezwa Ujerumani kuanzia 1954 hadi 1957. Upande wa pili nimeweka Toyota 2000GT ya Japani, iliyotengenezwa kuanzia 1967 hadi 1970. Zinatofautiana miaka 13, bara na historia. Sababu ya kuziweka pamoja ni injini. Zote zina silinda sita za mstari mmoja, na zote zilianza na injini ya sedani ya waheshimiwa. Injini ya Mercedes ilitoka kwenye modeli ya 300, lile gari kubwa alilokuwa akipanda Kansela Konrad Adenauer. Bloku ya Toyota ilitoka kwenye Crown.

Swali langu ni hili: mhandisi akipewa injini ya gari la kiongozi, akaambiwa atoe gari la michezo, anaanzia wapi? Wajerumani walianzia kwenye chasisi na mafuta. Wajapani walianzia kwenye silinda hedi, kisha wakajenga gari zima upya kuizunguka. Ukilishika jambo hili, kila kitu kingine kwenye magari haya kinaeleweka.

Tuanze na 300 SL

Kufikia 1952 Daimler-Benz, kampuni iliyokuwa ikiunda Mercedes, walitaka kurudi kwenye mbio baada ya vita, lakini hapakuwa na pesa ya kubuni injini mpya. Mhandisi Rudolf Uhlenhaut alipewa vilivyokuwepo ghalani: injini, giaboksi na ekseli za modeli ya 300. Vyote vizito. Nguvu ya kupambana na Ferrari na Jaguar kwa injini peke yake haikuwepo, kwa hiyo akautafuta ushindi kwenye uzito na upepo.

Alichofanya ni kutengeneza fremu ya mabomba membamba ya chuma yaliyoungwa kwa pembetatu, hivi kwamba kila bomba linasukumwa au linavutwa tu, halipindwi. Fremu ya gari lile la mbio ilikuwa na kilo kama 50. Lakini fremu ya aina hii inapata ugumu wake kwa kuwa na kimo ubavuni, na mabomba yakapita pale pale ambapo mlango wa kawaida ungekaa. Ndiyo maana milango ikapelekwa juu. Wengi wanaiona kama urembo wa mchoraji. Hapana. Mlango ulikwenda juu kwa sababu fremu haikuacha nafasi nyingine.

Gari hilo la mbio lilishika nafasi ya kwanza na ya pili kwenye mbio za saa 24 za Le Mans, Ufaransa, mwaka 1952, likarudia hivyo hivyo Mexico kwenye mbio za barabarani za Carrera Panamericana. Huko Mexico ndege tai alivunja kioo cha mbele cha gari la Karl Kling na Hans Klenk wakiwa kwenye mwendo mkali. Klenk aliumia usoni, wakaendelea, wakashinda. Baada ya hapo magari yale yakawekewa vyuma mbele ya kioo.

Gari la barabarani halikuwa wazo la Stuttgart, makao ya Mercedes. Lilikuwa wazo la Max Hoffman, mzaliwa wa Austria aliyekuwa akiingiza magari ya Ulaya New York. Yeye aliwajua wateja wake na alikuwa na uhakika kwamba watanunua. Gari likaonyeshwa New York Februari 1954, si Ulaya, na sehemu kubwa ya coupé (gari la milango miwili lenye paa) 1,400 zilizotengenezwa ilikwenda Marekani.

Sasa hapa ndipo ninapotaka mafundi wakae vizuri. Gari la mbio la 1952 lilitumia kabureta tatu za Solex. Kwa gari la barabarani waliziondoa, wakaweka pampu ya Bosch inayorusha petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Teknolojia hiyo ilikuwa imetumika kwenye injini za ndege za kivita. Hakuna gari la barabarani lenye injini ya petroli ya mipigo minne lililokuwa limeuzwa na mfumo huo kabla yake. Nozeli ilichukua nafasi ya plagi, na plagi zikahamishiwa kwingine. Injini ya cc 2,996 ikatoa nguvu farasi 215, zaidi ya lile gari la mbio. Fikirini hilo: gari la kumuuzia mteja lina nguvu kuliko lililoshinda Le Mans miaka miwili kabla.

Injini yenyewe imelazwa nyuzi 50 upande mmoja ili bonneti iwe chini, na oili haikai kwenye sampu chini ya injini, inakaa kwenye tangi lake pembeni. Kutegemea difu uliyochagua, gari liliweza kufika hadi kilomita 260 kwa saa kwa tarakimu za kiwanda. Mwaka 1954!

Udhaifu upo, na ni mkubwa. Ekseli ya nyuma ni ile ambayo kila nusu inabembea kutoka kwenye difu. Ukiingia kona kwa kasi halafu ukashtuka ukaachia mafuta, sehemu ya nyuma inanyanyuka, magurudumu yanakunjamana kwa ndani, tairi zinapoteza mshiko na gari linakuzungukia. Breki ni dramu pande zote nne. Ndani kuna joto kali, na vioo vya milango havishuki, unavitoa kabisa. Buti limejaa tangi na tairi la akiba, mizigo inakaa nyuma ya viti. Ukweli ni kwamba hili ni gari la mbio lililovalishwa viti vizuri.

Halafu 2000GT

Toyota ya katikati ya miaka ya 1960 ilijulikana kwa sedani na malori. Gari lake la michezo lilikuwa Sports 800, dogo, silinda mbili, cc 790. Wazuri sana kwa uimara, lakini hakuna aliyeota usiku gari lao.

Mradi uliongozwa na Jiro Kawano, na umbo lilichorwa na Satoru Nozaki. Yamaha wakaingia kama washirika, wakachukua bloku ya Crown ya cc 1,988 na kuitengenezea silinda hedi mpya ya aluminiamu yenye kamshafti (shafti zinazofungua vali) mbili juu. Kabureta ni tatu, Solex zilizotengenezwa Japani na Mikuni. Yaani Wajapani walifika pale ambapo Wajerumani walikuwa mwaka 1952, lakini kwa injini ndogo zaidi inayopumua vizuri zaidi: nguvu farasi 150 kutoka lita mbili bila turbo. Piga hesabu ya kila lita. Mercedes inatoa karibu 72, Toyota inatoa karibu 75, na Toyota haina pampu ile ya gharama. Hedi ya Yamaha ndiyo iliyofanya kazi hiyo.

Chasisi ni mgongo wa chuma wenye umbo la X. Saspensheni huru pande zote nne zenye mikono miwili miwili, breki za diski mbele na nyuma, giaboksi ya gia tano, difu inayozuia gurudumu moja kuzunguka bure. Rimu ni za magnesi. Kimo cha gari ni milimita 1,160 tu. Dashibodi ni mbao, na Yamaha ni watengenezaji wa piano, kwa hiyo ukiitazama mbao ile ujue imepita mikononi mwa watu waliojua kazi ya mbao kabla ya pikipiki.

Kuna jambo dogo ninalolipenda mno: nyuma ya kila gurudumu la mbele kuna mlango mdogo kwenye bodi. Upande mmoja kuna betri, upande mwingine kichujio cha hewa. Bonneti ni fupi kwa kimo, betri haikupata nafasi, wakaihamishia ubavuni. Tatizo la nafasi, sawasawa na lile la milango ya Mercedes.

Gari lilionyeshwa Tokyo Oktoba 1965. Mwaka mmoja baadaye, Oktoba 1966, wakalipeleka kwenye uwanja wa majaribio wa Yatabe na kuliendesha siku tatu mchana na usiku, madereva wakipokezana. Lilivunja rekodi tatu za dunia na 13 za kimataifa za daraja lake. Maili 10,000 zilikamilika kwa wastani wa kilomita 206 kwa saa. Porsche walizichukua rekodi hizo mwaka uliofuata huko Monza kwa 911 R, lakini ujumbe ulikuwa umefika.

Zilitengenezwa 351 tu.

Msimamo wangu ni huu: kwa ujasiri wa uhandisi, 300 SL haina mpinzani hapa. Lakini ukinipa funguo mbili mezani, nachukua ya 2000GT bila kusita. Ni gari lililokamilika. Karibuni tujadili.

---

Mdau, Dodoma

Uzi mzuri mkuu. Ila mimi nikiitazama 2000GT naona Jaguar E-Type tupu. Pua ndefu, mgongo unaoteremka nyuma. Wajapani wa enzi hizo si walikuwa wanaiga?

Mwanzisha uzi

Mkuu, pua ndefu ni matokeo ya silinda sita za mstari. Injini ni ndefu, na ukitaka gari liwe chini lazima uirudishe nyuma karibu na dereva. E-Type ina silinda sita za mstari, 300 SL pia, 2000GT pia. Zote pua ndefu.

Athari zipo, sitazikataa. Mgongo wa chasisi unafanana kimawazo na Lotus Elan. Lakini nakala hutoka dhaifu kuliko ya asili, na hapa sioni udhaifu huo. Kaa ubavuni mwa gari utazame mabega ya nyuma yanavyopanda juu ya gurudumu kisha kukatika ghafla. E-Type haina mstari ule.

Na kwa kuwa umegusa habari ya kuiga, kuna uvumi mwingine wa miaka mingi kwamba umbo lilichorwa na Albrecht Goertz, yule aliyechora BMW 507. Goertz alikuwa na kazi na Nissan, na Yamaha kabla ya Toyota walikuwa na mradi wa gari la michezo na Nissan uliovunjika, ndipo habari zikachanganyika. Nozaki ndiye aliyechora 2000GT. Inaniuma mtu kunyang'anywa kazi yake kwa sababu tu watu hawakuamini Mjapani anaweza kuichora.

---

Fundi, Arusha

Mimi ni fundi wa pampu za dizeli, na hiyo pampu ya Bosch ya 300 SL ni ndugu wa hizi ninazofungua kila siku. Silinda sita, plunja (vipistoni vidogo vya kusukuma mafuta) sita, kila moja na zamu yake. Ninachotaka kujua: ukizima swichi, umeme wa plagi unakata, lakini pampu inaendeshwa na injini. Si inaendelea kumwaga petroli ndani ya silinda mpaka injini isimame?

Mwanzisha uzi

Fundi, umegusa ugonjwa wenyewe. Ndiyo, inaendelea. Petroli ile haichomwi, inateremka kwenye kuta za silinda, inaosha oili na kuingia kwenye mfumo wa oili. Mtu anayeendesha safari fupi fupi mjini, washa zima washa zima, oili yake inakuwa nyepesi haraka sana. Ndiyo maana wenye magari haya hubadilisha oili mapema kuliko gari la kawaida. Gari linataka safari ndefu ambazo injini inapata moto wa kutosha.

Fundi, Arusha

Basi hapo mimi niko upande wa Toyota. Kabureta tatu unazisawazisha kwa sikio na kipimo kidogo cha hewa. Pampu ile ikichakaa plunja, unahitaji benchi la kupimia na mtu anayejua. Na kwa magari 1,400 duniani, huyo mtu hayuko Arusha.

Ila naongeza kitu kwa heshima ya Wajerumani. Kufanya petroli ifanye kazi kwenye pampu ya namna ile ni kugumu kuliko dizeli. Dizeli ina ulainisho wake, petroli ni kavu, inakula plunja. Waliofanya hivyo 1954 na gari likauzwa dukani, walikuwa mafundi haswa. Magari mengi ya petroli ya sasa yanarusha mafuta ndani ya silinda moja kwa moja, wazo ni lile lile, kompyuta tu ndiyo imeongezwa.

---

Mdau, Dar es Salaam

Samahani wakuu, si ndiyo hii 300 SL iliyouzwa euro milioni 135? Kama ndivyo, mjadala umeisha.

Mwanzisha uzi

Hapana kaka, na watu wengi wanachanganya hapo. Iliyouzwa euro milioni 135 mwaka 2022 ni 300 SLR Uhlenhaut Coupé. Herufi R inabadilisha kila kitu. Ile ni ndugu wa gari la mbio la 1955 lenye silinda nane, lile ambalo Stirling Moss alishinda nalo Mille Miglia, mbio za barabarani za Italia, mwaka huo huo. Coupé zake zilitengenezwa mbili tu. Milango inafanana, mengine hayana uhusiano.

Ila kwenye Mille Miglia hiyo hiyo ya 1955, 300 SL ya kawaida ilikuwepo. John Fitch, Mmarekani, alimaliza wa tano kwa jumla na wa kwanza katika daraja la magari ya barabarani. Kwangu hilo ni kubwa kuliko mnada wowote, maana ni gari ambalo mteja angeweza kulinunua dukani.

Kwa kuwa bei imeshaingia, tuimalize. Mpya, 300 SL iliuzwa mark 29,000 Ujerumani. 2000GT iliuzwa yeni milioni 2.38 Japani, pesa ambayo ungepata Crown mbili. Hapo ndipo Toyota walipokwama. Marekani mteja aliyekuwa na kiasi hicho alikuta Porsche 911 na Jaguar E-Type kwa bei nafuu zaidi, zote zenye majina makubwa. Coupé 1,400 za Mercedes zilipata watu, Toyota 351 zilitafuta watu. Uadimu wa aina mbili tofauti kabisa.

Mnadani sasa: mwaka 2013 2000GT moja iliuzwa Marekani dola milioni 1.155, gari la kwanza la Asia kuvuka milioni moja mnadani. Mwaka 2022 iliuzwa ile iliyokimbizwa na timu ya Carroll Shelby Marekani mwaka 1968, dola milioni 2.535. 300 SL nzuri ya chuma huwa katika dola milioni moja na kitu na kupanda, na zile 29 zilizotengenezwa kwa bodi ya aluminiamu huenda juu mbali zaidi.

---

Mdau, Mombasa

Ndugu yangu, nina hoja. Unasema utachukua 2000GT kwa sababu limekamilika. Lakini limekuja miaka 13 baadaye! Breki za diski zilikuwa zimeshaenea, gia tano zipo, saspensheni huru ipo. Kila kitu walikikuta sokoni. Mercedes aliingia gizani peke yake. Ulinganifu wako unampa mdogo faida ya umri.

Na nikukumbushe, majina haya mawili sisi wa huku tunayajua kwa Safari Rally. Mercedes walishinda 1959 na 1960 kwa modeli ya 219, na 1961 kwa 220 SE. Toyota wakaja kushinda 1984, 1985 na 1986 kwa Celica. Angalia mpangilio wenyewe: Mjerumani katangulia, Mjapani kafuata.

Mwanzisha uzi

Hoja yako ina uzito, na hiyo ya Safari nimeipenda. Lakini nakupinga kwenye neno "walikikuta". Kukuta vipande sokoni si kukuta gari. Nchi ngapi zilikuwa na breki za diski na kamshafti mbili mwaka 1965 na hazikutoa 2000GT? Kiwanda kisicho na historia ya magari makubwa ya michezo kilitoa gari linalokwenda kilomita 220 kwa saa, likatembea siku tatu bila kuchoka, na halina kona ya kumwogopesha mwenye nalo. Mercedes walikuwa na mbio tangu kabla ya vita, walikuwa na Uhlenhaut, walikuwa na Bosch mlango wa jirani. Giza la Toyota lilikuwa nene zaidi.

Na tazama Mercedes wenyewe walirekebisha nini. Coupé ilipoisha 1957 ikaja roadster (gari la wazi), ekseli ya nyuma ikabadilishwa ili kona zisiwe za hatari, milango ikawa ya kawaida, na 1961 ikapata breki za diski. Zilitengenezwa 1,858. Yaani kila walichorekebisha kilikuwa kinaelekea kule ambako Toyota walianzia. Ukitaka ulinganifu wa haki wa kuendesha, roadster ya 1961 na 2000GT ndizo zingekaa meza moja. Mimi nimechukua coupé kwa sababu ndiyo yenye wazo lote la kwanza ndani yake.

Mdau, Mombasa

Roadster ya 1961 hapo nakubali kukaa nawe mezani. Coupé siiachi.

---

Mdau, Mwanza

Swali la mtu mfupi wa maarifa: spea zinapatikana? Na mtu wa kawaida anaweza kuyaona wapi?

Mwanzisha uzi

Spea za 300 SL zinapatikana kuliko unavyodhani. Mercedes wana kitengo cha magari ya zamani chenye kituo Fellbach, jirani na Stuttgart, na kingine California. Kwa 2000GT hali ilikuwa mbaya kwa miaka mingi, gari 351 hazitoshi mtu kuwasha mashine za kiwanda. Lakini 2020 Toyota walianza kutengeneza upya baadhi ya sehemu za giaboksi na difu za 2000GT na kuwauzia wamiliki. Kuna gari moja ilikuwa imekaa kwa kukosa gia, leo gia hiyo inaagizwa mpya kwa waliolitengeneza. Nilifurahi sana kusikia.

Kuyaona: 300 SL ipo kwenye makumbusho ya Mercedes-Benz Stuttgart, 2000GT ipo kwenye makumbusho ya magari ya Toyota huko Nagakute, karibu na Nagoya. Ukifika Nagakute uliza pia kuhusu ile isiyo na paa. Zilitengenezwa mbili kwa ajili ya filamu ya kijasusi ya 1967, kwa sababu mwigizaji alikuwa mrefu kupita milimita 1,160 za lile gari. Halikuuzwa dukani hata moja la namna hiyo.

Fundi wa Arusha, kama bado upo: nikipata picha nzuri ya pampu ya 300 SL ikiwa imefunguliwa nitaiweka hapa, utuoneshe inapotofautiana na za dizeli.